Uliza Fundi: Amplifaya inawaka vizuri ila mziki hauna nguvu

Barua za safari hii karibu zote zina kilio kimoja, amplifaya ya gari inawaka, taa ya kijani iko, haizimi, lakini sauti imekuwa ndogo na besi haipo. Nimechukua nne nizijibu kwa kirefu kidogo manake kiukweli inaniuma nikiona mtu anauziwa amplifaya mpya, au anafunguliwa ile aliyonayo na kuchokonolewa mpaka inakufa kabisa, wakati tatizo lilikuwa waya wa nje ambao ungepatikana kwa multimita, ile mita ya kupimia umeme, ya bei ya chini kabisa na nusu saa ya kupima.

SWALI: Fundi habari za kazi. Niko Dodoma, natumia Probox, kwenye buti nimefunga amplifaya ya chaneli nne. Chaneli mbili zinaendesha spika za milangoni na mbili za nyuma zimeungwa brij kwenye sabufa moja ya inchi 12, omu 4. Ilikuwa inapiga mpaka kioo cha nyuma kinatetemeka, sasa besi imekuwa ndogo mno ila spika za milangoni ziko sawa kabisa. Nimeazima sabufa ya rafiki yangu nikaifunga, ni vilevile. Fundi mmoja hapa anasema transista za ndani zimechoka, anataka laki na ishirini afungue. Nimpe? – Mpenda Besi, Dodoma

JIBU: Usimpe kwanza kaka. Transista ya kutoa sauti haichoki taratibu, ikifa inakufa na mara nyingi inakufa kwa kushoti, hapo utaona amplifaya inaingia protekti, yaani inajizima kujilinda, au inakata fyuzi kila ukiwasha, hutabaki na besi ndogo, utabaki huna kitu. Kwa hiyo maneno ya transista kuchoka mimi siyapokei mpaka mtu anionyeshe kipimo.

Alafu wewe mwenyewe umeshafanya nusu ya kazi bila kujua. Spika za milangoni ziko sawa, hiyo inaniambia umeme unaingia, waya wa rimoti unaoiwasha amplifaya upo na waya wa bodi, yaani wa hasi, umeshika, manake chaneli zote nne zinakula kwenye pawa saplai moja. Sabufa nyingine nayo imetoa sauti ileile, kwa hiyo sabufa yako ni nzima. Kinachobaki ni zile chaneli mbili za nyuma pamoja na waya za RCA zinazoziletea mziki kutoka kwenye redio.

Sasa hapa kwenye brij ndo watu wengi wanapotea. Ukiunga brij, sabufa inakaa katikati ya chaneli mbili, chanya ya chaneli moja na hasi ya chaneli nyingine, moja inasukuma wakati mwenzake anavuta kwa hiyo volti zinazofika kwenye sabufa zinakuwa mara mbili. Tuseme kila chaneli inatoa volti 15, kwenye brij zinakuwa 30, na nguvu unaipata kwa kuzidisha volti kwa volti alafu unagawa kwa omu, 30 mara 30 gawa kwa 4 ni wati 225. Chaneli moja ikinyamaza sabufa haizimi, inaendelea kupiga kwa volti 15 za ile iliyobaki, na 15 mara 15 gawa kwa 4 ni wati 56 tu. Yaani umepoteza upande mmoja lakini nguvu imeshuka mpaka robo. Sabufa inalia, taa iko kijani, hamna harufu hamna joto, fundi asiyepima lazima aanze kubahatisha.

Kwa hiyo fanya hivi. Zima kila kitu, toa waya za sabufa, tafuta spika ndogo yoyote ya omu 4 uifunge kwenye chaneli ya tatu peke yake, chanya yake na hasi yake, swichi ya filta iweke kwenye full ili usikie sauti zote sio besi tu, washa kwa sauti ndogo usikilize. Hamia ya nne. Naamini moja itakuwa kimya au inanong'ona. Ukishaijua usifungue bado, badilisha kwanza RCA, ya kulia iende kushoto na ya kushoto iende kulia. Ukimya ukihama pamoja na waya, basi ugonjwa uko kwenye waya au kwenye redio, amplifaya haina kosa lolote. RCA nyingi zinapita chini ya siti, reli ya siti inazibana mpaka uzi wa ndani unakatika wakati nje plastiki inaonekana nzima. Na amplifaya nyingi ukiunga brij bado zinataka RCA zote mbili ziwe na mziki, wapo wanaochomeka moja tu wanaondoka, wanapata robo tangu siku ya kwanza na hawajui.

Ukimya ukibaki palepale kwenye chaneli ileile, sasa ndo amplifaya. Na hata hapo naanza na vitu vya kijinga, kile kitufe cha geini, cha kurekebisha nguvu ya mziki unaoingia, kinashika vumbi ndani, zima umeme ukizungushe mwanzo mpaka mwisho mara nyingi, ukiwa na spreyi ya kusafishia kontakti pulizia kidogo urudie, fanya hivyohivyo kwa vile viswichi vidogo vya filta na cha kuchagua chaneli mbili au nne. Barabara zetu za vumbi zinaviua hivyo kabla ya kitu kingine chochote. Ikigoma hapo ndo uifungue, na cha kwanza kutazama ni maungio ya soketi za RCA kwenye bodi, kwa mtikisiko wa gari ile risasi ya kulehemu inapasuka duara jembamba kuzunguka mguu, unaipasha moto upya na kuongeza risasi kidogo imeisha hiyo.

SWALI: Niaje fundi. Mimi ni makanga (konda) kwa matatu ya abiria 33, route ya Rongai. Tuko na amplifaya nne. Asubuhi ngoma inagonga poa lakini ikifika jioni besi inaisha na taa za ndani zinapepesa kila besi ikipiga. Tulinunua kapasita ya faradi moja, pesa mingi, haikusaidia. Gari ni ya volti 24 so ile fundi ya stereo alichukua 12 kutoka kwa betri moja. Shida ni amplifaya ama? – Wa Rongai

JIBU: Salama ndugu yangu. Amplifaya zako nne haziwezi kuugua pamoja kila jioni alafu zikapona asubuhi. Huo ni umeme, na kosa umeshalitaja mwenyewe mwishoni mwa barua.

Gari ya volti 24 ina betri mbili za 12 zimeungwa kwa kufuatana, altaneta inazichaji zote mbili kama kitu kimoja. Ukivuta 12 kutoka betri moja tu, hiyo moja inanyonywa siku nzima na mwenzake haiguswi. Altaneta haijui, inaona jumla imefika 28 na kitu inaridhika, lakini ukipima kila betri peke yake unakuta ile ya chini, inayonyonywa, iko 12 au pungufu na ya juu, isiyoguswa, imepanda mpaka 15 na zaidi inachemka. Kwa hiyo unaua betri zote mbili kwa mpigo, moja kwa njaa nyingine kwa kushibishwa kupita kiasi. Asubuhi amplifaya zinakula akiba, mpaka jioni akiba imeisha.

Pima hivi, wakati ngoma inapiga kwa nguvu weka multimita kwenye terminali za amplifaya yenyewe sio kwenye betri, watu wengi wanapima kwenye betri wanaona 12.6 wanasema umeme uko sawa wakati kule nyuma kinafika kingine kabisa. Kwenye gari ya kawaida ya volti 12 injini ikiwa inanguruma unatakiwa uone kati ya 13.5 na 14.4, ikishuka kidogo besi ikipiga ni kawaida. Ukiona 11 umeshapata jibu. Amplifaya nyingi za gari pawa saplai yake haishikilii volti, za kuingia zikishuka na za ndani zinashuka, na nguvu inafuata volti mara volti kama nilivyomwambia kaka wa Dodoma, kutoka 14 hadi 11 umepoteza karibu asilimia 40 ya nguvu kabla hata hujagusa kitu.

Kapasita ya faradi moja naomba nikupigie hesabu manake imekula pesa za watu wengi sana. Ikiwa imejaa volti 14 na ikaruhusiwa kushuka mpaka 12, inatoa juli 26 tu. Amplifaya inayovuta wati 1000 inazimaliza hizo kwa sehemu ndogo ya sekunde, haifiki hata theluthi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwenye mshtuko mfupi wa ngoma inasaidia kidogo, kwenye besi inayovuta inakuwa mzigo mwingine tu wa kuchajiwa. Kapasita haitengenezi umeme, kinachotengeneza umeme kwenye gari ni altaneta peke yake.

Dawa ya gari yako ni moja kati ya hizi mbili. Ya kwanza ni kifaa cha kushusha 24 kuwa 12 chenye ampea za kutosha amplifaya zote, jumlisha fyuzi za amplifaya zako uone zinafika ngapi ndo ununue, ukinunua kidogo itazima katikati ya safari. Ya pili ni kifaa cha kusawazisha betri, kinachukua chaji ya betri ya juu kinaipa ya chini mpaka zilingane, nacho kiwe cha ampea kubwa. Mwambie mwenye gari pia betri ya chini ipimwe kabla ya yote, ikishakaa na njaa muda mrefu inaweza kuwa imeshaharibika na hakuna kifaa kitakachoirudisha.

Na waya uangalie ndugu yangu. Siku hizi madukani, iwe Kariakoo ya Dar au mtaa wa Luthuli Nairobi, kuna waya mnene wenye ganda zuri la kung'aa kumbe ndani ni alumini iliyopakwa shaba kwa juu. Unaujua kwa kuukwangua uzi mmoja kwa kisu, ukiona ndani ni nyeupe ni alumini. Sio kwamba haufanyi kazi, ila unapitisha umeme kama theluthi mbili tu ya shaba ya unene uleule. Waya wa shaba wa geji 8 wenye urefu wa mita 5, ukipitisha ampea 40, unakula njiani kama volti 0.4, ule wa alumini unakula zaidi ya 0.6, na hiyo ni kwenda tu, kurudi kupitia bodi kuna hesabu yake. Kuendesha amplifaya nne kwa waya mmoja wa geji 8 ni kunywa uji wa moto kwa mrija wa soda. Bolti ya bodi nayo, kwangua rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza, alafu pima volti kati ya hasi ya betri na hasi ya amplifaya ngoma ikiwa inapiga, ikizidi 0.2 rudia kazi.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana najifunza ufundi Tanga, nimeletewa amplifaya ya chaneli mbili, kulia inapiga vizuri, kushoto sauti ndogo na inakwaruza. Nje nimeshapima kila kitu, RCA nimebadilisha, spika nimebadilisha, tatizo linabaki kushoto. Nimefungua lakini naogopa kuharibu. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba kijana wangu, na nimefurahi kwamba umeanza nje, hiyo tabia usiiache.

Kabla ya kugusa, zile kapasita kubwa za ndani zinabaki na chaji hata ukizima, ziondoe chaji kwa resista ya omu 100 hivi ya wati kadhaa, usishoti kwa bisibisi. Alafu umeme wako wa kujaribia upitishe kwenye balbu ya taa kubwa ya gari, ile ya wati 55, iungwe kwa kufuatana na waya wa chanya. Ukiwasha, balbu ikimulika kidogo alafu ikafifia maana yake salama, ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo kuna shoti ndani, na wewe hujachoma kitu. Hiyo balbu itakuokolea transista nyingi sana maishani. Ila ikiwa hapo usipige sauti kubwa, balbu inabana umeme.

Sasa pima volti kubwa za ndani, zile baada ya trafo ya duara na dayodi. Unatakiwa upate chanya na hasi zinazolingana kutoka kwenye sifuri ya upande wa pili wa trafo, mfano chanya 30 na hasi 30. Kwa kuwa kulia kunapiga vizuri naamini hizi ziko sawa, lakini pima, manake zingekuwa ndogo pande zote mbili ningekwambia uende kwenye ile IC ya TL494 inayoendesha pawa saplai uone kama mguu wa 12 unapata umeme wa betri na mguu wa 14 unatoa volti 5, alafu utazame kapasita zilizovimba kichwani. Zikishaonekana sawa, njoo kwenye volti ndogo za opampu, zile IC ndogo za kukuza mziki kabla ya transista. Ukikuta TL072 au 4558, mguu wa 8 uwe na chanya 15 hivi na mguu wa 4 hasi 15 hivi, na miguu ya 1 na 7 ikae karibu na sifuri. Upande mmoja wa hizo 15 ukikosekana, sauti inakuwa ndogo na kukwaruza hasa kama unavyoeleza, na mara nyingi ni zena, dayodi ya kushikilia volti, iliyokufa au resista iliyoungua inayoilisha. Ila kama opampu moja inahudumia kushoto na kulia basi ingeugua pande zote, angalia bodi yako imepangwaje.

Baada ya hapo fuata mziki wenyewe, na hapa una bahati kubwa kwamba upande wa kulia ni mzima. Weka kwenye simu mlio mmoja tu wa hezi 100, usitumie wimbo, uingize kwenye RCA zote mbili, multimita iweke AC ndogo, alafu pima sehemu ileile kulia na kushoto, kwenye soketi, baada ya geini, kwenye mguu wa kutoka wa opampu, kwenye kapasita ndogo za kupitishia mziki, mpaka ufike kwenye transista. Pale ambapo kulia kunasoma na kushoto kunapungua ghafla, umefika. Kwa amplifaya zilizotumika muda mrefu mimi nashuku zaidi zile kapasita ndogo za mikrofaradi 10 au 47, zinakauka kwa joto la buti, mziki unapita kidogo na besi ndo inakuwa ya kwanza kupotea. Bei yake ni ndogo, badilisha za chaneli zote mbili kabisa.

Mziki ukifika mzima mpaka mwisho alafu ukaharibika kwenye transista za kutoa, pima zile resista nyeupe za saruji za omu 0.22 au 0.33, ikikatika moja basi nusu ya wimbi haipiti, ndo huo mkwaruzo. Transista ukibadilisha badilisha jozi, 2SC5200 pamoja na 2SA1943 yake, na nunua kwa mtu unayemwamini manake feki zimejaa. Rudisha mika, kile kikaratasi cha kuzuia umeme chini ya transista, na gundi ya kupitisha joto, alafu pima kwa multimita kwamba bati la transista haligusani na bodi ya alumini. Na kabla hujafunga spika ya mteja, pima DC kwenye sehemu ya kutokea sauti bila mziki, ikiwa chini ya milivolti 50 ni nzuri, ukikuta volti nzima nzima usifunge, utaunguza koili ya spika ya watu.

SWALI: Assalaam aleykum fundi. Nna IST, redio ni ileile iliyokuja nayo kutoka Japani, haina matundu ya RCA. Fundi alinifungia amplifaya iloandikwa wati 1000 na kisanduku cha sabufa mbili, akaunga kupitia kidude fulani nyuma ya redio. Sauti ni ndogo hata nikifungua geini mpaka mwisho. Nimechoka kurudi kwake. – Dada wa Mombasa

JIBU: Waaleykum salaam dada. Hicho kidude ni kigeuzi, kinachukua sauti ya spika ya redio na kuishusha iwe saizi ya RCA. Vingi vina skrubu mbili ndogo ubavuni za kuongeza na kupunguza, na huenda zako hazijafunguliwa vya kutosha. Mwambie azifungue taratibu huku geini ukiirudisha katikati, geini ikiwa mwisho inakuletea kelele na mkwaruzo tu, nguvu ya ziada haina. Muulize pia amechukua kutoka spika za mbele au za nyuma, kama ni za nyuma na sauti kwenye redio umeisogeza mbele, amplifaya inapata makombo. Na umkataze kabisa asiunge hasi ya waya wa spika ya redio kwenye bodi ya gari, kwenye redio nyingi za namna hiyo waya zote mbili za spika zina volti, ukigusisha mmoja na bodi unaweza kuunguza IC ya redio.

Hiyo wati 1000 usiiamini dada, tazama fyuzi ya amplifaya. Kama ni ampea 20, mara volti 13.8 ni wati 276 zinazoingia, na kinachotoka lazima kiwe pungufu ya hapo kwa sababu sehemu inageuka joto, kwa amplifaya za aina ya AB unabaki na kama 150. Sio mbaya kwa IST, besi ya kutosha kabisa unaipata, ila usitegemee elfu moja.

La mwisho, sabufa zako ni mbili kwenye kisanduku kimoja. Zikiungwa moja sawa na nyingine kinyume, moja inasukuma hewa nje wakati mwenzake inavuta ndani, besi inakufa hata kama amplifaya ni nzima na kila kitu kingine kiko sawa. Zima redio, chomoa waya za sabufa kwenye amplifaya, kila sabufa iguse kwa betri ndogo ya tochi ya volti 1.5, chanya kwa chanya, koni inatakiwa itoke nje kidogo kwa zote mbili. Kama waya zimeungwa ndani ya kisanduku na huwezi kuzifikia, mwambie fundi afungue sabufa moja ageuze waya zake mbili, mpige wimbo uleule kwa sauti ileile. Besi ikiongezeka mwache hivyohivyo afunge, ikipungua arudishe zilivyokuwa.